Vumbi Lisifutwe

Kazi yangu ni kusukuma.
Januari ya nne sasa, Scottsdale, Arizona,
ndani ya hema kubwa kuliko kanisa letu la Tucson,
tunayasukuma magari hadi jukwaani, watu wanne,
glavu nyeupe, viatu vya raba,
maana mengi hayaruhusiwi kuwashwa.
Ya bei ndogo huja yakinguruma.
Ya bei kubwa huja kimya, kama maiti ya tajiri.

Hili la saa kumi na moja ni la kijani,
la mwaka sitini na tisa, milango miwili,
lile lililoruka mfereji wa Yuma katika filamu
ambayo baba yangu aliitazama mara sita,
na mara zote sita akashikilia ukingo wa kiti.
Karatasi imebandikwa kiooni: VUMBI LISIFUTWE.
Vumbi limo kwenye hati.
Kutu imo kwenye hati, na matundu saba ya risasi
yaliyotobolewa kwa keekee na fundi wa Burbank
aliyelipwa kwa saa.

Asubuhi, kabla ya watu, alikuja mama mmoja,
Lorene Stuckey, miaka themanini na kitu,
beji ya mgeni imegeukia kifuani.
Hakuuliza bei.
Aliuliza kama kiti cha dereva ni kilekile.
Nikamwambia, hati inasema ni kilekile.
"Ingiza mkono chini," akasema,
"kushoto, karibu na chuma."
Sina ruhusa. Niliingiza.
Kitu kidogo, kigumu, kama jino.
"Chingamu ya Verlin," akasema.

Nyota wa filamu,
alinieleza bila uchungu, kama anayesoma risiti,
aliliendesha gari hili likiwa juu ya trela.
Alizungusha usukani, feni ikampeperusha nywele.
Aliyeruka mfereji ni mume wangu,
kavaa koti la nyota na wigi la nywele za nyota,
dola mia tatu na hamsini kwa kila mruko, na chakula cha mchana.
Mruko wa kwanza, unywele ulikuwa kwenye lenzi.
Wa pili, wingu likafunika jua.
Wa tatu ndio mnaoujua.
Kabla ya kila mruko aliibandika hapo
asije akaimeza hewani,
akitua anaichukua, anaendelea kutafuna.
Wa tatu hakuichukua.
Alitoka, akainua kidole gumba kwa kamera,
halafu akakaa chini mchangani
na pingili mbili za mgongo zimevunjika.

Nikamuuliza, niibandue?
"Iache. Alikaa hapo yeye."

Dalali wetu alianza na ng'ombe, huko Oklahoma,
na ulimi wake haujatoka zizini:
laki nane, laki nane, nani tisa, tisa nipe, tisa, milioni!
Daktari wa meno kutoka Boise alifika milioni mbili
mkewe akamshika mkono.
Simu ya Osaka haikuwa na wa kuishika mkono.
Milioni tatu na laki mbili. Nyundo.
Watu walisimama. Wengine walilia, na siwacheki,
mimi mwenyewe koo lilinikaba,
nikamwona baba na ukingo wake wa kiti.

Wanasema punda afe, mzigo ufike.
Mzigo umefika, umemulikwa taa.
Nilipiga hesabu tukilirudisha nyuma ya pazia:
ni miruko elfu tisa, mia moja na arobaini na mbili,
na chenji.
Uti wa mgongo wa nani?

Wakala wa mnunuzi alikuja na tochi na orodha.
Akahesabu matundu, akapiga picha vumbi.
Akauliza, kuna chochote ambacho hakimo humu?
Nikasema hapana.
Usiku ule gari liliondoka juu ya trela,
limefungwa mikanda magurudumu yote manne,
kama lilivyokuwa likiendeshwa na nyota.